Picha ya Meja Aliyeketi

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha mbwa wa polisi pale Arua sikumgusa mbwa. Nilipewa karai, brashi na kipande cha sabuni, nikaambiwa nioshe vibanda. Nikaviosha tangu asubuhi bila kusema neno. Mchana Sajini wa Mbwa akaja akasimama mlangoni. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, mtu mnene aliyependa kucheka.

“Wewe kijana ya Adumi,” akasema. “Iko na ulimi ao hapana?”

“Iko, afande.”

“Basi ikae hukohuko mdomoni. Mbwa hapendi mutu ya maneno mingi. Kesho nakupatia moja.”

Shule yangu iliishia darasa la saba. Tangu utoto nilikuwa mtu wa aibu. Nikitumwa dukani nilisimama nje mpaka wenzangu wote wanunue. Nilipoingia polisi nilifikiri aibu hiyo itaniharibia kazi, kumbe ndiyo iliyonipa kazi. Hata leo naandika polepole, sentensi moja, halafu napumzika. Mnivumilie.

Ninyi vijana mnaoongoza mbwa sasa pale Koboko mliniomba niwaeleze ile picha ya rangi iliyokuwa kwenye ukuta wa korido, picha ya mbwa aliyeketi. Kila mgeni anauliza mbwa yule ni nani na anafanya nini. Mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji wake, kwa hiyo kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikijibu. Nilikuwa najibu vibaya. Mwanamke aliyeichora alikuwa anaamini kwamba ni yeye aliyefanya baba yake asipatikane, na mimi nilipita mbele ya picha hiyo kila siku nikidhani ni shukrani.

Nianze na kazi yenyewe. Mbwa wa kufuata harufu si mbwa wa kuuma. Watu walikuwa wanadhani tunamleta ili amrarue mwizi, ndiyo maana wezi wengine walitoka vichakani na mbuzi waliyemwiba kabla hata mbwa hajashuka kwenye gari. Mbwa wetu alifundishwa kunusa kitu kilichovaliwa na mtu, kofia au shati, kisha kufuata njia ya mtu huyo. Njia hiyo haionekani. Iko kwenye majani, kwenye udongo, na upepo unaisogeza. Majani yenye unyevu huishika vizuri. Udongo wa barabara ukipigwa na jua huiachia upesi. Mwongozaji anashika kamba ndefu nyuma na kunyamaza. Ukimwita mbwa, ukimkemea, ukimsifu kabla ya wakati, unamtoa kwenye mawazo yake.

Mbwa niliyepewa aliitwa Meja. Alikuwa na mgongo mweusi, miguu ya kahawia, na sikio moja lililokatika ncha. Jina lilituletea shida siku moja alipokuja meja wa kweli kutoka jeshini kutazama mazoezi. Nilikuwa nimempa mgongo, nikasema kwa sauti, “Meja, keti!” Mgeni akasimama wima kabisa, uso umebadilika.

Sajini wa Mbwa akakimbia kati yetu. “Si wewe, afande! Ni huyu ya mkia!”

Meja wa jeshi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi niliingia kibandani, sikutoka mpaka gari lake lilipoondoka.

Kitu kimoja zaidi lazima mkijue. Kila mbwa hufundishwa alama yake ya kusema njia imekwisha. Wengine hubweka. Meja aliketi. Harufu ikiisha, aliketi palepale, akanitazama. Sajini alisisitiza tuwaeleze wenye nyumba alama hiyo mapema, wasije wakadhani mbwa amechoka. Nami, pamoja na aibu yangu yote, niliwaeleza kila mahali maneno yale yale: “Akiketi, harufu imeisha.”

Baadaye nilihamishiwa Koboko pamoja na Meja. Mke wangu alibaki kijijini kwetu Adumi na shamba la muhogo. Nilipewa chumba nyuma ya kibanda cha mbwa. Mkuu wa Kituo alikuwa mtu mpole, aliyeongea kama mwalimu wa katekisimu. Alinikaribisha vizuri, lakini mji ulichukua muda. Nilipoketi kwenye benchi la chai, watu walisogea. Majirani zangu Waislamu walinisalimia kwa heshima wakiwa mbali kidogo kwa sababu ya mate ya mbwa, na niliwaelewa. Walioogopa kabisa walikuwa Wakristo wenzangu. Kanisani benchi langu lilikuwa langu peke yangu, ingawa Meja nilimwacha kituoni. Mama muuza chai aliniita Mutu ya Mbwa mpaka nikasahau kwamba nina jina.

“Mutu ya Mbwa, chai yako hii. Chukua, kunywa kule mbali. Wateja yangu wanakimbia.”

“Mbwa haiko hapa, mama.”

“Haiko, lakini iko kwa nguo yako.”

Usiku nilizungumza na Meja kupitia mbao za ukuta. Maneno ambayo mchana niliyaweka mdomoni, usiku niliyapeleka kwake.

Kisha tukaitwa kijijini, Midia.

Mzee mmoja, Mzee Wani, alikuwa amepotea nyumbani kwake. Akili yake ilikuwa imeanza kusahau. Alikuwa akiwaita watoto wake kwa majina ya ndugu zake waliokufa, na aliondoka mara kwa mara, lakini sikuzote alionekana kwa jirani. Safari hii alilala nje, na jirani hakumwona. Mkuu wa Kituo alitupeleka yeye mwenyewe, mimi na konstebo mmoja wa kunisindikiza.

Tulipofika, tulikuta kiwanja kinang’aa. Mnajua nyumba zetu: mgeni wa heshima akija, kiwanja kinafagiliwa. Binti ya mzee, msichana aitwaye Kiden, alikuwa ameambiwa kwamba wakubwa wa serikali wanakuja. Alifagia kila mahali, kuanzia mlango wa baba yake mpaka mwanzo wa njia, ile mistari ya ufagio imepindana vizuri kama nywele zilizosukwa. Juu yake alinyunyiza maji ili vumbi lisitupate. Hakuna nyumba ambayo imewahi kunipokea kwa heshima kama ile, na hakuna kiwanja kibaya kuliko kile kwa pua ya mbwa.

Mwenyekiti wa kijiji aliona uso wangu. Akamgeukia msichana mbele ya watu wote.

“Nani amefagia hapa? Ni wewe? Umefagia baba yako!”

Kiden alikuwa bado ameshika ufagio. Nilimhurumia, maana najua kusimama hivyo, lakini sikuwa na neno la kusema mbele ya watu wengi. Kaka yake mkubwa alitazama chini. Mkuu wa Kituo akasema taratibu, “Mwenyekiti, acha mbwa afanye kazi kwanza.”

Nilieleza alama ya kuketi kama kawaida. Kisha niliomba watu wote waingie ndani ya nyumba na kufunga mlango, ili harufu zao zisichanganyike. Ndiyo kanuni. Wakaingia, Kiden pia.

Meja alinusa kofia ya mzee. Pale kiwanjani alihangaika. Alizunguka, akarudi, akapiga chafya kwa sababu ya maji na vumbi. Sikumsemesha. Nilimpanulia mzunguko, tukapita nyuma ya jiko, kwenye ukingo wa shamba la muhogo ambako ufagio haukufika. Hapo mkia wake ukanyooka. Akavuta kamba mpaka mikono ikaniuma. Tulipita katikati ya muhogo, tukashuka kwenye majani marefu, tukapanda upande wa pili mpaka barabara kubwa ya udongo mwekundu. Kando ya barabara, mahali ambapo watu husimama kungoja gari la kwenda sokoni, Meja alizunguka mara moja, akaketi. Akanitazama.

Konstebo akasema, “Mzee amepanda gari.”

Ndivyo hata mimi nilivyoelewa. Nilimtoa Meja kwenye kazi, tukarudi nyumbani kwa mzee, nikamwomba mtu maji ya mbwa. Mkuu wa Kituo alimchukua kaka mkubwa pembeni, akamweleza. Kaka akatoka siku hiyo hiyo kwenda kuuliza kwenye magari, mjini, mpakani, hata ng’ambo yake. Mkuu wa Kituo alituma habari kwa vituo vingine. Nami kila nilipopita Midia niliuliza. Mzee Wani hakuonekana tena, si mzima wala maiti.

Miaka ilipita. Meja alizeeka, akafa kibandani mwake Koboko, nikamzika nyuma ya chumba changu. Walitaka kunipa mbwa mwingine. Nilimwomba Mkuu wa Kituo mpya anipe kazi ya mapokezi, akakubali. Wakati huo ndipo picha ilipoletwa.

Aliyeileta ni Kiden. Alikuwa mwanamke mzima sasa, fundi wa kuchora mabango pale Koboko mjini: saluni, maduka ya dawa, kuta za shule za chekechea. Alikuja na ubao umefunikwa kwa gunia, akaukabidhi kwa Mkuu wa Kituo, akasema tu, “Hii ni mbwa yenu.” Nilikuwa nimesimama palepale. Hakunitazama, nami sikumsemesha. Watu wawili wa aibu wakikutana, mazungumzo ni hayo.

Mkuu wa Kituo alifurahi sana. “Mbwa shujaa wa Koboko!” akasema, akaitundika juu kwenye korido, mahali pasipo na dirisha. Wageni walipouliza, nilijibu hivi: huyu ni Meja, ameketi kwa utii akingoja amri. Mistari ile chini yake nilisema ni majani. Kamba niliona imefungwa shingoni, nikasema moyoni, fundi wa mabango atajuaje mambo ya kamba, amechora kama mbwa wa nyumbani. Sikio lililokatika alikuwa amelikumbuka sawasawa. Hilo lilinitosha. Jioni, watu wakiisha kuondoka, nilisimama chini ya picha kidogo kabla ya kufunga mlango.

Kisha nikastaafu. Nilirudi Adumi. Mke wangu alikuwa ameshatangulia kaburini, na watoto wako mbali na kazi zao. Nina kuku, nina muhogo, nina redio. Sikufuga mbwa. Majirani wanashangaa, mtu wa mbwa bila mbwa, nami naacha washangae.

Mwaka huu kituo kilikuwa kinapakwa rangi upya, picha ikashushwa na kuegemezwa nje. Ninyi vijana mkampigia simu mwanangu, naye akaniambia mnanihitaji. Nikapanda gari mpaka Koboko. Mliniona nimeinama mbele ya ubao ule kwa muda mrefu, na mmoja wenu akaniletea kiti akidhani nimeishiwa nguvu.

Haikuwa nguvu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa naiona kwenye jua. Yale majani hayakuwa majani. Ilikuwa mistari ya ufagio, imepindana upande huu na upande huu, na matone ya maji kati yake. Mbwa ameketi katikati ya kiwanja kilichofagiliwa. Nikakumbuka maneno niliyoyasema mimi mwenyewe pale mlangoni, akiketi harufu imeisha, na nikaelewa picha ile ilikuwa inasema nini miaka yote juu ya vichwa vyetu.

Niliwaomba mniazime picha, mkaniruhusu kuichukua bila maswali. Mmoja wenu aliibeba mpaka karibu na karakana ya Kiden, nyuma ya soko, kisha nikamwambia arudi.

Kiden alikuwa anachora kichwa cha mwanamke kwa bango la saluni. Aliponiona, aliweka brashi kwenye mafuta ya taa.

“Afande,” akasema. “Wamekataa picha?”

“Hapana, mama. Nimekuja kuuliza. Hapa mbwa iko wapi?”

Akanitazama kama mtu anayedhihakiwa. “Kwetu. Midia. Kiwanjani.”

“Uliiona ikiketi hapa?”

“Nilifungua mlango, nikaiona. Imeketi juu ya kazi yangu.” Akafuta mikono kwenye kitambaa, ingawa ilikuwa safi. “Wewe ulisema ikiketi imeisha. Mwenyekiti alisema nimefagia baba. Nikasema nitawapelekea, waitundike, kila mutu aone. Mimi siwezi kusema na mdomo.”

Nilivuta kibao cha kuketi. Maneno niliyokuwa nayo yalikuwa mengi kuliko niliyowahi kumwambia mtu yeyote kwa siku moja, na nilijua nikikosea sitapata nafasi nyingine. Nikaweka kidole kwenye picha, shingoni mwa mbwa.

“Hii kamba umeiona wewe mwenyewe, ama umeifikiria tu?”

“Nimeiona. Ninachora kile jicho limeona.”

“Basi sikiliza. Mbwa akiwa kazini kamba haikai shingoni. Inakaa kwa mkanda wa kifua, ili avute bila kukabwa. Kazi ikiisha, naitoa kifuani, naiweka shingoni. Hapo mbwa anajua ni mapumziko. Hapa umechora mapumziko, mama. Hii si alama. Meja alikuwa amerudi, anangoja maji.”

“Amerudi wapi?”

Nikamwambia yote: nyuma ya jiko, muhogo, majani marefu, barabara. Nikamwambia ufagio ulimchelewesha Meja kidogo tu, kama mtu anayetafuta ufunguo, kisha akapata njia na kuifuata mpaka mwisho wake. Nikamwambia aliketi kule, kando ya barabara.

Hakulia. Aliuliza, “Nani mwingine alijua?”

“Konstebo, ambaye amefariki. Mkuu wa Kituo wa wakati ule. Na kaka yako.”

“Kaka.”

“Aliambiwa siku ile ile. Ndiyo sababu alienda kuuliza kwenye magari.”

“Kaka amekufa akiwa hajaniambia,” akasema. “Alikuwa anatoka asubuhi, anarudi usiku, anakula kimya. Mimi nilijua ananichukia. Kumbe alikuwa anaona ni mambo ya wanaume.” Kule sokoni mtu alikuwa anaita bei ya samaki. “Afande, nilikuwa na kitu cha kulaumu. Sasa umekichukua. Unaniachia nini?”

Sikutaka kumtungia jibu. Nilisema, “Ninaweza kukuonyesha mahali.”

Tulikwenda kesho yake. Hatukupita nyumbani kwao. Pale sasa wanaishi watoto wa kaka. Barabara imepanuliwa, shamba la muhogo limekuwa bustani ya nyanya ya mtu mwingine, na kando ya barabara kuna kibanda cha kuuza muda wa simu. Nilitafuta kwa macho, nikapotea, nikarudi nyuma, mpaka nikapata ile miinuko miwili tuliyopanda katikati yake. Nikasimama. “Ni hapa.”

Kiden alisimama nilipomwonyesha. Hakupiga magoti, hakuomba, alisimama tu akiwa ameshika mkoba wake mbele kwa mikono miwili. Mimi nilirudi nyuma kwenye kivuli cha kibanda, kama nilivyozoea kukaa nyuma ya kamba.

Pikapu ikaja kutoka upande wa mpakani, imejaa magunia na watu juu. Hakuna aliyeipungia mkono. Ilisimama yenyewe mbele yake.

“Mama, unapanda?” dereva akaita.

Kiden alishtuka. “Sikukusimamisha.”

“Hapa mutu akisimama, gari inasimama. Hata baba yangu alikuwa anafanya hivyo. Panda, iko nafasi.”

“Inaenda wapi?”

“Wapi wewe unataka! Mjini, Arua, mbele. Utasema huko huko.”

Watu wa juu wakacheka, mmoja akasogeza gunia kumwachia nafasi, akamnyooshea mkono. Mkono ule ulikaa hewani. Kiden aliutazama, nami niliona midomo yake ikienda bila sauti, na nilijua anamwona nani akivutwa juu kwa mkono kama ule, kwa upole, na watu wasiomjua, mzee anayetabasamu, asiyeweza kusema ashushwe wapi.

“Mimi sipandi,” akasema mwishoni. “Mchukueni huyu mzee. Yeye ni wa Arua. Adumi. Mumshushe kwenye njia ya Adumi, mmesikia? Msimpitishe.”

“Tumesikia, mama.”

Nilitaka kubaki naye. Alinitikisia kichwa nipande. Nikapanda, nikaupokea ule mkono, nikakaa juu ya gunia. Picha bado iko kwake. Amesema ataileta mwenyewe rangi ya ukuta ikikauka, na mkiitundika, iwekeni karibu na dirisha.

Dereva alipiga gia. Kiden alikuja mpaka kwenye ubavu wa gari, akawauliza tena wale watu majina yao, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akamtajia, naye akayarudia. Kisha akatuachia barabara.